Rangi ya chupani na vikapu vya milulu

SWALI: Kamwene. Nasuka vikapu vya milulu nje kidogo ya Iringa mjini. Rangi za unga zimepanda bei, na juzi mteja amenirudishia vikapu 6 kwa kuwa nyekundu ilichuja ikamchafulia gauni. Mwanangu anayesoma Mbeya anasema siku hizi rangi ya mmea huoteshwa chupani bila shamba, kama migomba ya tishu. Ni kweli? Naweza kuanza nyumbani na bitiruti?
Mama Msusi, Iringa

JIBU: Kamwene mama, na pole sana kwa vikapu vyako. Mwanao hajakudanganya. Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya miche ya viazi mviringo hapa Mbeya, na rangi ya chupani nimeiona kwa macho yangu.

Unachukua kipande cha jani au mzizi, kidogo kama ukucha, unaua vijidudu vilivyo juu yake, kisha unakilaza juu ya lishe iliyoganda yenye sukari, madini na homoni. Baada ya wiki kadhaa palipokatwa panaota kinundu cheupe, laini kama ugali uliolowa. Hizo ni seli tupu, hazina jani wala mzizi.

Ila kinundu kinachonenepa vizuri mara nyingi hakina rangi. Niliwahi kuotesha kiazi kitamu cha zambarau, na kwa wiki nyingi nikawa naangalia weupe tu. Siku moja nikaona doa la zambarau, dogo kama punje ya ulezi. Nikalikata peke yake, nikalihamishia chupa mpya karibu na taa. Kila baada ya wiki 3 nilichagua sehemu iliyokoza na kuacha iliyopauka, na mara ya tano kinundu kizima kilikuwa cha zambarau. Nilikishika mbele ya dirisha kwa muda mrefu, mama, kazi za watu zikanisubiri.

Wajapani ndio waliofikisha jambo hili sokoni. Wana mmea ambao mizizi yake hutoa wekundu uitwao shikonini, lakini shambani mizizi hiyo huchukua miaka kadhaa kukomaa. Kampuni ya Mitsui ilianza kuzalisha shikonini kwenye matangi mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye rangi ya mdomo ya Kanebo, kampuni ya vipodozi. Walitumia matangi ya aina mbili: la kwanza lenye lishe ya kuzikuza seli, la pili lenye lishe ya kuzifanya zitoe rangi. Seli hizo za kwao mwanga huzizuia kutoa rangi, tofauti na kiazi changu kilichoutaka.

Nyumbani usijaribu. Lishe ile ina sukari, na ukungu unaipenda kuliko seli zenyewe. Sisi tunaichemsha kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi joto 121, dakika 15 au zaidi, na bado chupa nyingine huvunda. Gharama hiyo inalipa kwa rangi ya mdomo inayouzwa kwa gramu. Sufuria lako la milulu halitairudisha.

Na bitiruti iachie ubwabwa na kachumbari, hata ingetoka chupani. Wekundu wake hauvumilii moto. Chemsha kipande nusu saa uone maji yanavyogeuka kahawia. Shikonini nayo huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji inagoma.

Wewe una miti ya miwati. Kuanzia Mafinga hadi Njombe imejaa, na gome lake lina tanini, ambayo hushikana na nyuzi za mmea. Omba magome kwa wanaokata nguzo au kuchoma mkaa, yaponde, yachemshe saa moja, chuja, kisha loweka milulu humo usiku kucha. Utapata kahawia ya kupendeza. Ukitaka nyeusi, wiki moja kabla loweka misumari yenye kutu kwenye siki, kisha mimina kikombe kimoja tu cha maji yake kwenye ndoo ya milulu iliyokwisha kunywa miwati. Itageuka ukiwa unaitazama. Usizidishe, chuma kingi hufanya milulu ikatike.

Nyekundu ya kweli bado sijakupatia, na nakiri hilo ndilo uliloniuliza. Anza na hizi mbili, suuza, anika kivulini, halafu sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa kabla hujampelekea mteja yeyote. Ukiniandikia tena, tia unyasi mmoja wa kila rangi kwenye bahasha.