Kabla hujabeba mimba, uliza kuhusu kidonge chako cha kifafa

Binti yangu alizaliwa na uvimbe chini ya mgongo, mkubwa kama limau, ngozi yake nyembamba hata maji ya ndani yalionekana. Mkunga hakusema kitu. Aliufunika kwa kitambaa alichokilowesha kwa maji ya chumvi, akaenda kumwita daktari. Huku kwetu Kadutu, Bukavu, wengine walisema nimerogwa, wengine wakasema kifafa changu kimemwingia mtoto. Daktari aliyempasua ndiye wa kwanza kuniuliza: "Mama, ulikuwa unakunywa dawa gani?"

Valproati, tangu nina miaka 16. Ilinituliza kweli. Lakini miaka yote niliyokuwa nikienda kuichukua, hakuna aliyeniambia kwamba nikitaka kuzaa ibadilishwe kwanza. Hilo bado linaniuma.

Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Siku hizo wewe unadhani damu imechelewa tu. Mimi nilifika kliniki mimba ina miezi minne, nikapewa asidi foliki, vitamini inayosaidia mfereji huo kujifunga. Mgongo ulikuwa umekwisha kubaki wazi. Kwa mama anayemeza valproati, watoto kama 10 katika 100 huzaliwa na kasoro kubwa, na 1 au 2 huwa na mgongo wazi. Tena 30 hadi 40 hupata shida ya kusema, kutembea au kujifunza.

Dada yangu, usiitupe dawa leo kwa hofu! Ukiikata ghafla, kifafa kinaweza kukushika mfululizo kikakuua. Mwone daktari miezi kadhaa kabla ya kutafuta mtoto. Dawa nyingine za kifafa, lamotrijini na levetirasetamu, zina hatari ndogo zaidi, ila kubadilisha hufanywa polepole. Akuandikie na asidi foliki mapema, kwa kipimo chako, ingawa haiondoi hatari yote ya valproati. Na kama unapanga uzazi, mwambie unachomeza: kabamazepini na fenobabitali, nazo dawa za kifafa, hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi na kijiti cha mkononi.

Binti yangu ana miaka sita, anatembea kwa magongo, na mara kadhaa kwa siku namtoa mkojo kwa mpira. Boksi la zamani la dawa yangu ninalo bado. Jina kubwa la mbele hubadilika famasi kwa famasi. Geuza boksi, soma maandishi madogo chini yake. Ukiona "valproate", anza kuuliza.