Amri imekubali, lakini barua pepe haifiki

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia seva yenye mfumo endeshi wa Debian katika shule yetu, na kila usiku hutengeneza nakala rudufu ya kumbukumbu za wanafunzi. Nimeiwekea amri ya mail ili inipelekee taarifa kwenye anwani yangu ya Gmail. Amri hailalamiki hata kidogo, lakini sijapata barua yoyote, wala kwenye spamu haimo. Tatizo ni nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ukimya wa amri hiyo hauthibitishi kwamba barua imefika. Kazi ya mail ni kuyapokea maneno yako na kuyakabidhi kwa programu nyingine iliyomo ndani ya seva hiyohiyo, kwa kawaida Exim au Postfix, na ikishayakabidhi kazi yake imekwisha. Safari ya kwenda Gmail huanza baada ya hapo.

Andika mailq uitazame foleni. Ukikuta barua zimerundikana, pamoja na maelezo kwamba muda wa kuunganishwa umekwisha, yaelekea kampuni inayowapa intaneti imeifunga poti (mlango wa mawasiliano) ya 25, ambayo seva hutumia kupelekeana barua, ili kuzuia barua taka. Foleni ikiwa tupu, soma kumbukumbu (log) za programu ya barua: huenda Gmail imezikataa kwa kuwa haikuweza kuthibitisha mtumaji.

Kwa shule yenye seva moja, sioni faida ya kuendesha seva kamili ya barua. Sakinisha msmtp, programu ndogo ya kutuma barua tu, na msmtp-mta, ambayo huchukua nafasi ya Exim au Postfix, ili amri yako ya mail iendelee kutumika kama kawaida huku barua zikipitia seva ya Google, smtp.gmail.com, poti ya 587, kwa njia iliyosimbwa. Nenosiri lako la kila siku halitakubaliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili katika akaunti ya Google, kisha utengeneze nenosiri la programu, lenye herufi 16. Liandike katika faili la mipangilio la .msmtprc la mtumiaji anayeendesha kazi hiyo ya usiku, na ulifunge kwa chmod 600 ili mwenyewe tu aweze kulisoma na kuliandika, kwa maana msmtp hukataa faili la siri lililo wazi kwa watumiaji wengine.

Kisha jaribu:

printf 'Subject: Jaribio\n\nSeva iko hai.\n' | msmtp --debug anwani-yako

Alama mbili za \n baada ya neno Jaribio ni za lazima, kwani mstari mtupu ndio unaotenganisha vichwa na barua yenyewe. Utaona mazungumzo yote na seva ya Google, na nambari 250 inayotokea baada ya barua nzima kupelekwa ndiyo inayoonyesha kwamba Google imeipokea.

Hatimaye, ikiwa umeiunganisha mail na amri ya kunakili kwa &&, utaarifiwa pale tu nakala inapofaulu. Nakuomba uongeze ||, ambayo huendesha amri inayofuata pale iliyotangulia inaposhindwa, na barua ya pili yenye kichwa "NAKALA IMESHINDIKANA", na katika barua zote mbili usiambatishe majina wala alama za wanafunzi.