Chomoa mrija kwanza, moto uzime baadaye

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha 3, majina ya mimenyuko mnayakariri mpaka raha: muungano, mtengano, uhamishaji, ubadilishanaji. Mkifika maabara mnapasua testi tyubu kwa kosa lilelile la kaka na dada zenu.

1. Muungano. Salfa mnaijua, ndiyo inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Gramu 7 za unga wa chuma, gramu 4 za salfa. Salfa ikizidi, inayobaki inaungua na darasa zima linakohoa. Mchanganyiko ukianza kuiva wekundu, ondoa moto, utajimalizia wenyewe.

2. Mtengano. Hapa ndipo penye msiba. Unapasha kabonati ya shaba, unga wa kijani unakuwa mweusi, gesi inapita kwenye mrija, maji ya chokaa yanageuka maziwa. CuCO₃ → CuO + CO₂. Shangwe! Mtu anazima moto aandike matokeo.

Hewa iliyobaki ndani inapoa na kusinyaa, kanieneo inashuka, na hewa ya nje inayasukuma maji ya chokaa yapande mrija. Mwenyewe anayatazama yanavyopanda, anadhani ni sehemu ya jaribio. Wapo wanaoandika kabisa "maji yalipanda". Yakigusa kioo cha moto, tak! Testi tyubu imekwenda, na bahati yako kama macho yalikuwa mbali.

Kwa hiyo: moto ukiwa bado unawaka, inua stendi mpaka ncha ya mrija itoke majini. Ndipo uzime. Na kusi ikiingia dirishani ikazima taa ya spiriti, usihangaike na kiberiti, chomoa mrija! Mdomo wa testi tyubu nao uinamishe kidogo, kwa sababu kabonati ya maabara hutoa na mvuke. Tone likirudi kwenye kitako chenye moto, mpasuko ni uleule.

Halafu kuna anayeandika "hakuna gesi" kumbe chokaa ndiyo mbovu. Chokaa iliyokaa kwenye mfuko wazi imeshakula hewa ya ukaa na kurudi kuwa kabonati, kama ilivyogandia kwenye kuta za Kilwa Kisiwani. Haiyeyuki. Kabla ya jaribio pulizeni pumzi kwa mrija kwenye maji kidogo ya pembeni; yasipogeuka maziwa, tafuteni chokaa mpya, koroga, acha itulie usiku kucha, mimina ya juu yaliyo maangavu. Na gesi ikipita muda mrefu mno maziwa yanapotea tena, msije mkashangaa.

3. Uhamishaji. Msumari kwenye maji ya mrututu (salfeti ya shaba, CuSO₄), ukiupiga msasa kwanza, utavaa shaba. Lakini msichukue misumari ya bati! Ile imepakwa zinki, na zinki ndiyo inayoanza kuihamisha shaba, wakati daftari lako linasema Fe + CuSO₄.

4. Ubadilishanaji. Pasipo mashapo, gesi wala maji mapya, usichore mshale wa mlinganyo, hakuna mmenyuko. NaCl na KNO₃ zimechanganyika tu, basi.

Na kila mwaka hakosekani wa kuandika kwamba chumvi ya mashamba ya Lindi hupatikana kwa mtengano wa maji ya bahari. Jua limeondoa maji tu, chumvi ilikuwemo toka mwanzo. Itie kwenye glasi ya maji, koroga, onja.