Kwaresima hujengwa jumuiyani, tena kabla ya majivu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Kwaresima inapoanza, parokia ifanye nini ili ari ya Jumatano ya Majivu isiishie siku hiyo hiyo?" Kwa hapa Mombasa naona jibu moja linatangulia mengine yote: mzigo wa Kwaresima ubebwe na jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waumini majirani wanaosali pamoja, na matayarisho yaanze wiki mbili kabla. Jumatano ya Majivu yenyewe haihitaji kuhimizwa. Kuanzia Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale mjini hadi vigango vya Likoni na Kisauni, watu hujaa. Panapolegea ni Njia ya Msalaba, ibada ya vituo 14 vya mateso ya Yesu, ikifika Ijumaa ya tatu na ya nne, joto la Machi limekaza, nauli imekuwa ngumu, na tangazo la altareni halimtoi mtu nyumbani. Anayemtoa ni jirani anayebisha hodi na kusema, "Mama Achieng', leo kituo cha sita ni cha nyumba yenu."

Kalenda kwanza. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, Jumapili ya Matawi ni 29 Machi na Pasaka ni 5 Aprili. Kutoka majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46; ukitoa Jumapili sita, ambazo si za kufunga, zinabaki 40. Kabla ya Ijumaa Kuu kuna Ijumaa sita tu za Njia ya Msalaba. Ramadhani nayo inaingia wiki hiyo hiyo ya majivu, na katika mji wetu hilo si jambo la pembeni. Nitalirudia.

Sasa majivu, ambayo hutokana na kuchoma matawi ya Jumapili ya Matawi. Yale ya mwaka jana yakusanywe Jumapili mbili za mwisho kabla ya Kwaresima, na tangazo liseme wazi kwamba yaletwe makavu. Hapa pwani wengi hubeba makuti machanga ya mnazi au ukindu, na unyevu wetu huyaotesha ukungu yakihifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Yaanikwe juani siku mbili. Kabla ya kuchoma, toa riboni, nyuzi, waya na maua ya plastiki, kwa sababu plastiki ikiyeyuka humo majivu yote yanashika mafuta na harufu, na hayafai kupakwa mtu usoni. Choma nyuma ya ukuta, maana upepo wa kaskazi wa miezi hii utayapeperusha yote.

Chombo kizuri ni sufuria kuukuu yenye kifuniko. Washa matawi kidogo kidogo, na moto ukishashika, funika ukiacha upenyo mdogo. Yakiachwa wazi yaungue hadi mwisho, hutoka majivu meupe ambayo hayaonekani kwenye paji la uso. Yakifunikwa huwa meusi. Yakipoa kabisa, twanga kwenye kinu, kisha chekecha kwa chungio la chai lenye matundu madogo. Usishangae gunia zima la matawi likitoa majivu machache. Kikombe kimoja cha chai cha majivu yaliyochekechwa kinatosha watu mia tano na kinabaki.

Kosa la hatari ni kuyakoroga na maji hadi yawe uji. Majivu na maji hutoa kitu kikali kama magadi, ndiyo maana bibi zetu waliyasugulia masufuria, na ngozi ya mtoto au ya mzee inaweza kuchubuka vibaya. Tone la maji ya baraka wakati wa kubariki halidhuru, lakini majivu yabaki makavu. Kama ni lazima yashike, weka matone machache ya mafuta ya zeituni. Jivu la jikoni lisichanganywe ili kuongeza kiasi.

Siku yenyewe, foleni ndiyo inayovuruga misa ya alfajiri, kwa sababu nusu ya waumini wanawahi feri, matatu au zamu ya bandarini. Hesabu ni rahisi: mtu mmoja huchukua kama sekunde tano. Watu 600 kwa padre mmoja ni dakika 50. Wakipaka watu wanne, ni chini ya robo saa. Padre au shemasi ndiye anayebariki majivu, lakini katekista, sista au mlei aliyeteuliwa anaweza kusaidia kupaka. Wafundishwe maneno mapema, "Tubuni na kuiamini Injili," na kila mmoja awe na kitambaa chenye unyevu na kipande cha limau cha kusafishia vidole kabla ya kugusa vyombo vya altare. Majivu mengine yatengwe kwenye vichupa kwa ajili ya wagonjwa wa nyumbani, kila jumuiya ikiwa imeshaleta orodha yake tangu Jumapili.

Kuhusu kufunga kuna mchanganyiko mwingi, na ni kazi ya kiongozi wa jumuiya kuuondoa. Siku za kufunga kwa amri ya Kanisa ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa walio na miaka 18 hadi 59. Ni mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo hata ikijumlishwa haifikii ule mmoja. Kuacha nyama siku hizo na Ijumaa zote za Kwaresima kunaanzia miaka 14. Maji na dawa havivunji mfungo. Mgonjwa wa sukari, mjamzito, anayenyonyesha na anayebeba mizigo juani wasijilazimishe. Wana njia nyingine za kutubu. Samaki anaruhusiwa, lakini kwa mtu wa pwani kuacha mbuzi akala changu wa kupaka si kujinyima. Mbaazi za nazi bila mahamri, au muhogo wa kuchemsha, na tofauti ya bei iende kwenye bahasha ya sadaka ya Kwaresima: hapo mfungo umegusa mfuko na umemgusa mwenye njaa.

Kiini cha yote ni kikao cha jumuiya. Maaskofu wetu wa Kenya hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima chenye mada ya kila wiki, na njia yake ni kuona, kuamua na kutenda. Kijitabu kisipofika jumuiyani kabla ya Jumapili ya kwanza, wiki nzima imepotea, kwa hiyo mwenyekiti aagize mapema, walau kimoja kwa kila nyumba mbili. Tatizo ninaloliona sana ni jumuiya kusoma ukurasa mzima kwa sauti, kila mtu aya yake, hadi giza linaingia na sehemu ya kutenda haijaguswa. Gawanyeni saa moja: dakika kumi na tano za kuona, ishirini za Neno na kuamua, ishirini za kutenda, tano za sala na matangazo. Na kutenda maana yake ni sentensi moja kwenye daftari la katibu yenye kitu, jina la mtu na siku. "Tusaidie maskini" haijawahi kusaidia maskini. "Nyumba tatu zitakwenda Jumamosi saa mbili asubuhi kumpeleka mtoto wa jirani akafuatiliwe cheti cha kuzaliwa" inaweza kukaguliwa wiki ijayo.

Mfano wa tendo linalofaa msimu huu ni mtaro. Masika inakaribia, na mitaa mingi ya Kisauni, Mikindani na Likoni mitaro imejaa plastiki na mchanga. Jumuiya ya watu ishirini inaweza kuzibua kama mita hamsini asubuhi moja ikiwa na koleo tano, reki mbili, magunia ya kutosha, glavu za mpira na viatu vya mpira kwa wanaoingia ndani. Kazi nyingi za namna hii huharibikia mwisho wake: tope linaachwa kwenye ukingo wa mtaro, na mvua ya kwanza inalirudisha lote. Zungumzeni na ofisi ya wadi kuhusu gari la kubeba taka kabla ya kuchagua siku. Kama gari halipo, kodini mkokoteni na mjue mapema unakwenda kumwaga wapi. Waalikeni majirani wote, wa dini yoyote. Mtaro ukizibuka, umezibuka kwa kila mtu.

Njia ya Msalaba ya mtaani inahitaji akili zaidi mwaka huu. Jua letu huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini mwishoni mwa Februari, na kama dakika kumi mapema zaidi kufikia Idi. Nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi, barabara za Majengo, Kisauni au Mtongwe zimejaa wauza futari na watu wanaokimbilia nyumbani wakiwa na kiu ya kutwa. Msafara wenye kipaza sauti ukipita hapo saa kumi na mbili na nusu ni kero kwao, na kwetu sisi hakuna anayesikia sala. Anzeni saa kumi na nusu, mmalize kabla ya saa kumi na mbili na robo. Njia isizidi kilomita moja na nusu. Vituo 14 kwa dakika nne kila kimoja ni kama saa moja, na mwendo wa kutoka kituo hadi kituo ni kama nusu saa.

Pangeni vituo kwenye nyumba za waumini na viwanja, mbali na milango ya misikiti. Mzee wa mtaa ajulishwe, kituo cha polisi kijulishwe kwa barua, na viongozi wa msikiti jirani waambiwe ana kwa ana. Heshima hiyo hurudi siku ya Ijumaa Kuu mtakapohitaji barabara. Tembeeni upande mmoja wa njia, safu mbili, vijana wanne wenye fulana za kung'aa, wawili mbele na wawili nyuma, kwa sababu bodaboda na tuktuk haziwezi kungoja msafara uliotanda barabara nzima. Betri ya kipaza sauti ichajiwe tangu usiku. Huzimika sana karibu na kituo cha tisa au cha kumi, na hapo kila mtu anaanza kuimba wimbo wake. Chai ya baada ya ibada, ikiwapo, inywewe ndani ya ua. Ijumaa ya 20 Machi itaangukia karibu kabisa na Idi, kutegemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo ile moja ifanyike kanisani au kwenye uwanja wa parokia.

Kwaya nina machache ya kuwaambia. Hakuna Aleluya hadi Mkesha wa Pasaka, hata kwenye wimbo wa kutoka, na wimbo wa Utukufu kwa Mungu unaimbwa tu kwenye sherehe kama Mtakatifu Yosefu 19 Machi na Kupashwa Habari Maria 25 Machi. Kinanda kisindikize sauti tu, ngoma na kayamba vipumzike, maua yasiwekwe altareni. Jumapili ya nne ndiyo inayoruhusu kulegeza kidogo. Orodha ya nyimbo za wiki zote ipitishwe na paroko kabla ya majivu, ili mwalimu asibuni Jumamosi jioni.

Vyakula vya wahitaji hukusanywa kwa moyo mkunjufu na kuharibika kwa uzembe. Unga na maharagwe hapa pwani havikai: wiki tatu nne kwenye stoo yenye joto, tayari kuna fukusi. Wekeni magunia juu ya mbao, yasiguse saruji wala ukuta, mafuta na sabuni vikae mbali na unga, na mgawo utoke kila baada ya wiki mbili badala ya kungoja Wiki Takatifu. Anayepokea apelekewe nyumbani na watu wawili. Kupanga wajane mstari mbele ya kanisa na kupigwa picha ni kuwavunjia heshima. Pesa za bahasha zihesabiwe na watu watatu, ziandikwe, zisichanganywe na zaka, na zile za simu ziwe na jina lake la akaunti. Wanaotembelea wafungwa wa Shimo la Tewa wapitie kwa padre anayehudumia magereza, wapeleke barua na orodha ya majina na namba za vitambulisho mapema, na waulize kwanza vitu gani vinapokelewa.

Wakatekumeni watakaobatizwa Mkesha wa Pasaka wanahitaji wasimamizi sasa hivi. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara, na anaishi imani yake. Akitoka parokia nyingine alete barua ya paroko wake. Jumuiya iwajue wakatekumeni wake kwa majina na iwepo Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano wanapoombewa mbele ya waumini.

Mwisho ni kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, na hapa msongamano wa Wiki Takatifu unaepukika kwa hesabu tu. Watu 200 kwa dakika tatu kila mmoja ni saa kumi. Padre mmoja hawezi. Mapadre watano wa dekania, yaani kundi la parokia jirani, wakija pamoja ni saa mbili. Kwa hiyo dekania ipange zamu ya kila parokia kuanzia wiki ya pili, na kila jumuiya ipewe siku yake. Wagonjwa wasioweza kutoka waandikwe wakiwa na jina, nyumba, namba ya simu ya anayewatunza na saa wanayokuwa macho, na karatasi hiyo imfikie paroko kabla ya tarehe 15 Machi, ili aweze kuwafikia wote mmoja mmoja kabla ya Matawi.

Msomaji, Mombasa