Altrasaundi ya viungo: ulizia kichwa cha mashine kabla ya bei

Mleta mada, pole sana na mama. Umesema vidole vyake vimevimba, asubuhi hawezi kukunja ngumi mpaka jua lipande, eksirei imetoka safi, na sasa daktari anataka apigwe altrasaundi ya mikono. Kaka yako naye anadai hiyo ni ya wajawazito, mnaliwa hela tu. Kazi yangu ni kupiga hizo altrasaundi hapa Tanga mjini, ngoja nichangie.

Kaka ana chembe ya ukweli, maana mashine nyingi huku zilinunuliwa kwa ajili ya matumbo. Ila eksirei safi haimaanishi mama ni mzima. Eksirei inaonyesha mfupa. Baridi yabisi, ambayo dalili za mama zinafanana nayo, huanzia kwenye utando laini wa ndani ya kiungo, mfupa unaliwa baadaye. Altrasaundi inauona utando ukiwa umenenepa, inaona maji, inaona ala za kano zilizovimba, na mara nyingi inaona mfupa ulioanza kulika kabla eksirei haijaonyesha kitu. Halafu kuna Dopla, inayopaka rangi pale damu inapopita. Utando mnene usio na rangi unaweza kuwa mabaki ya ugonjwa uliotulia. Wenye rangi nyingi, ugonjwa bado unafanya kazi, hata kama mgonjwa anasema siku hizi ana nafuu.

Sasa kabla hamjapanda daladala kutoka Pongwe, pigeni simu muulize kichwa cha mashine, kile kinachopitishwa juu ya ngozi. Kile kilichopinda, cha tumbo, kinatumia megahezi (kipimo cha mitetemo ya sauti) 2 hadi 5 hivi: kinafika mbali lakini kidole kinaonekana ukungu mtupu. Vidole vinataka kichwa bapa, megahezi 10 kwenda juu, na 15 au 18 ndiyo raha yenyewe. Wakiwajibu "mashine ni hiyo hiyo moja, inapiga kila kitu", tafuteni kwingine.

Na mpigaji awe na mkono mwepesi, jeli ya kutosha. Ukimwona anakandamiza kidole kama anakamua tui, ujue vijishipa vimebanwa, Dopla itasoma hakuna damu na mama ataambiwa hana kitu. Apige mikono yote miwili pamoja na vifundo vyake. Mimi huomba na miguu, hasa chini ya kidole cha mwisho, maana ugonjwa huu hupenda kuanza kutafuna pale na mgonjwa wala hapasemi.

Jambo jingine ni dawa. Wengi wanaonijia wameshapitia duka la dawa, wamemeza diklofenaki, wengine predinisoloni kabisa, halafu wananyamaza. Dawa hizo hupooza uvimbe na picha inapoa nayo. Msiache dawa aliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya kipimo, ila bebeni pakiti zote mumwonyeshe mpigaji. Hilo tu.

Faida yake kubwa kwangu ni pale inapogeuza matibabu. Nimepata mzee wa mashamba ya mkonge kule Muheza, miaka anatibiwa baridi yabisi. Kwenye goti, juu ya gegedu, kulikuwa na mstari mweupe wa pili unaofuata ule wa mfupa. Hizo ni chembe za yureti zimetanda, yaani jongo, na dawa zake ni nyingine kabisa. Mwingine alikuja shavu la mguu limevimba, wote tunawaza damu imeganda. Mshipa ulikuwa mzima. Kilichokuwepo ni kifuko cha maji cha nyuma ya goti kimepasuka.

Lakini altrasaundi hutumia sauti, na sauti haipenyi mfupa. Anayewauzia altrasaundi ya kutafuta ugonjwa wa pingili za mgongo anawauzia jeli. Na hapa wenzangu wa fani watanirukia: sioni sababu ya kuirudia kila kliniki. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2016 uliwalinganisha wagonjwa waliofuatiliwa kwa altrasaundi kila mara na waliopimwa kwa mikono ya daktari kwa umakini. Wa altrasaundi hawakufanya vizuri zaidi. Mwanzoni, ugonjwa ukiwa haujaeleweka, ndipo hela yake inapolipa. Baada ya hapo ni pale tu daktari na mgonjwa wanapovutana, huyu anaona kapona, yule anasema bado naumia.

Kwa hiyo mama apigwe, ila mwombeni daktari aandike swali kwenye fomu: utando umenenepa? Dopla ina rangi? mfupa umeanza kulika? kano je? Fomu zinazonijia zimeandikwa "altrasaundi ya mkono" basi, na mpigaji mwenye foleni ya wajawazito nje atajibu kwa mstari mmoja. Damu ya kupima RF na anti-CCP, vipimo vya kutafuta baridi yabisi, ichukuliwe pia kama bado, majibu yote yasomwe pamoja.