Jibu: Watu wa Feri wananigeuzia uso nikiinua kamera

Ndugu, umeuliza kwa nini pale soko la samaki Feri, Dar, watu wanageuza uso ukiinua kamera. Si ukali. Wamechoka kupigwa picha na wapita njia wasiotoa hata salamu, kisha sura zao zinazagaa mitandaoni.

Kamera iache begani kwanza. Mkubwa mpe shikamoo, aliye kazini mpe pole na kazi, halafu nenda kwa wakaanga samaki, nunua kipande cha changu, keti ule hapo hapo, mpige soga. Mara nyingi mtu ataiulizia kamera mwenyewe. Hapo omba, na umweleze picha inakwenda wapi. Akikataa, shukuru uendelee kula. Jirani yake anatazama unavyopokea kukataliwa, na huenda huyo ndiye atakayekukubalia kesho.

Lenzi ya mm 200, ile ya kuvuta vya mbali, usiende nayo. Kumvizia mtu kwa mbali ni kama upelelezi. Ya mm 35 inakulazimisha usogee, naye anakuona. Wakati wa mnada usimsimamishe mtu, pale wanahesabu pesa. Watoto bila mzazi mimi sipigi kabisa.

Kinachojenga imani kuliko vyote ni kurudi na picha iliyosafishwa, hata ndogo ya saizi ya postikadi, ukamkabidhi mwenyewe mkononi. Ukitaka kuiuza, chukua ridhaa ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.