Maswali ya wasomaji: Niweke voisova au niache picha ziongee?

SWALI: Shikamoo dada. Mi bado najifunza kupiga picha za video, nimemrekodi mzee mmoja fundi saa ambae anaacha kazi kwa sababu macho hayaoni vizuri tena. Nina klipu nyingi, akifungua saa, akibishana na wateja, na intavyu moja ndefu kama masaa mawili hivi. Sasa rafiki yangu anaenieditia anasema dokumentari bila voisova, yaani sauti ya msimulizi juu ya picha, watu hawaielewi, mwalimu wangu nae anasema voisova imepitwa na wakati niache picha ziongee zenyewe. Afu kuna siku mzee alidondosha skrubu akawa anaipapasa mezani haioni, na mi kamera ilikuwa imezimwa! Nataka nimuombe arudie. Hiyo ni kudanganya? Na nishike staili gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wawili kila mmoja anatetea staili anayoipenda yeye, ila we angalia kitu kimoja tu, mtazamaji akikaa mbele ya dokumentari kuna swali anajiuliza hata kama hasemi, huyu aliyetengeneza haya yote kayajuaje? Kila staili inajibu hilo swali kwa namna yake. Msimulizi asiyeonekana anasema nimechunguza, niamini. Kamera inayofuata mtu kimya kimya inasema nilikuwepo, na wewe tazama. Dairekta anaesikika akiuliza anakwambia haya yametoka kwa sababu mimi nimeuliza. Ukishachagua umeshaahidi, na ahadi hiyo ndio utakayopimwa nayo.

Hiyo staili ya kuangalia tu ilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 60 kwa sababu ya vifaa, kamera zikawa nyepesi mtu anabeba begani na sauti inarekodiwa hapohapo sambamba na picha. Tafuta filamu inaitwa Primary ya 1960, ya Robert Drew na wenzake, inawafuata wanasiasa wawili wa Marekani, John Kennedy na Hubert Humphrey, wakigombea kura za wanachama wa Democrat kule jimbo la Wisconsin ili chama kiwasimamishe kugombea urais. Maelezo ya msimulizi ni machache sana. Kuna mahali mke wa Kennedy anahutubia watu, mbele unaona mtu ametulia kabisa, halafu kamera inakwenda kwenye mikono yake ameifichia nyuma, amevaa glavu nyeupe, vidole havitulii. Hapo msimulizi angesema nini cha zaidi? Angeharibu tu.

Ila mwalimu wako asikufanye uamini kwamba kukaa kimya ndio ukweli wenyewe. Frederick Wiseman, mtengeneza dokumentari wa Marekani, toka filamu yake ya kwanza ya 1967 hakuweka voisova wala intavyu, lakini alikaa miezi mingi kwenye editing akipanga kipi kitangulie kipi kifuate, na huko kupanga ndio kusema kwake. Wafaransa wawili, Jean Rouch na Edgar Morin, wao wakaenda njia nyingine kabisa, kwenye Chronique d'un été ya 1961 watu wanasimamishwa barabarani Paris wanaulizwa una furaha? na mwishoni waliorekodiwa wanaonyeshwa filamu yao wenyewe, wanaanza kubishana nani alikuwa mkweli na nani alikuwa anaigiza, na mabishano hayo nayo yakawekwa ndani. Mi naipenda sana hiyo, maana haijifanyi kamera haikuwepo.

Sasa kwa mzee wako. Una intavyu ya masaa mawili, hiyo ni mali! Voisova ya mtu mwingine ya nini wakati mwenyewe anaongea? Chukua sauti yake uilaze juu ya picha za mikono yake akifanya kazi, halafu kila baada ya muda iache kazi iendelee bila maneno, tusikie kibano kinagusa meza, tumsikie anavyopumua akiinamia saa. Ukimaliza kipande cha kama dakika tano muonyeshe mtu asiyemjua huyo mzee, na usimueleze chochote kabla. Akiuliza kitu kimoja au viwili, mfano ameanza lini hii kazi, weka mstari wa maandishi kwenye skrini basi yameisha. Akiwa amepotea kabisa hajui anaangalia nini ndio urudi ufikirie msimulizi, na hapo pia ningependa iwe sauti yako wewe, kwa sababu wewe ndio ulikaa nae.

Hiyo ya skrubu ndio nataka tuongee vizuri. Kumuomba mtu afungue mlango tena ili upate engo nyingine watu wengi wanafanya, na haibadilishi chochote kuhusu huyo mtu. Lakini kumuomba mzee aigize kutokuona ni kitu kingine, maana filamu yako yote imesimama hapo, macho yake. Robert Flaherty alifanya ya namna hiyo kwenye Nanook of the North ya 1922, aliwapanga Wainuit wa kaskazini mwa Kanada wawinde kwa silaha za kale wakati bunduki walishakuwa nazo, na ile nyumba ya barafu ikajengwa upande mmoja wazi ili mwanga uingie kamera ione. Ni filamu nzuri mno, lakini zaidi ya miaka 100 sasa watu bado wanaibishania kwa sababu mtazamaji hakuambiwa.

Kuigiza upya kwenyewe sio dhambi. Errol Morris kwenye The Thin Blue Line ya 1988 ameigiza tena na tena tukio la polisi mmoja wa Dallas, Marekani, kuuawa, kila mara kwa jinsi shahidi fulani anavyosema, kwahiyo unajua kabisa hapo unaona maneno ya mtu na sio tukio lenyewe, na kadiri maelezo yanavyopishana ndio unazidi kuona kesi ilivyokuwa na mashimo. Aliyefungwa kwa mauaji hayo, Randall Dale Adams, akaachiwa 1989. Sasa wewe nakushauri usimuombe arudie. Nenda ukae nae siku nyingine, kamera iwashwe mapema, macho yake hayajapona kwahiyo skrubu nyingine itadondoka. Isipodondoka muulize hapo hapo mezani siku ile ilikuwaje, na swali lako liache lisikike.

SWALI: Dada habari, eti dokumentari lazima ifuate mpangilio wa muda? Nataka nianze na mwisho.

JIBU: Nzuri. Sio lazima, anza unapotaka, ila mtazamaji asitoke akiamini A ilileta B wakati B ndio ilitangulia. Michael Moore alilaumiwa kwa hilo kwenye Roger & Me ya 1989, Ronald Reagan alikwenda Flint, mji wa viwanda vya magari Marekani, kula pizza na watu wasio na kazi mwaka 1980 akiwa bado mgombea urais, lakini kwenye filamu inakaa kama alikuja baada ya lile wimbi la viwanda kufungwa lililokuja miaka kadhaa baadae. Mwaka kwenye kona ya skrini ungetosha. Kwahiyo we ukiruka mbele au nyuma weka tarehe, halafu endelea na stori yako.